Anwani za barua pepe zenye majina badala ya namba za usajili: tuanzie wapi?

Mratibu wa TEHAMA

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Chuo kikuu ninachofanyia kazi hutoa anwani za barua pepe zinazotokana na namba ya usajili kwa wanafunzi na namba ya utumishi kwa wafanyakazi: herufi mbili tatu, tarakimu kadhaa, kisha kikoa cha chuo, yaani sehemu iliyo baada ya alama ya @. Utaratibu huu una faida zake, kwa sababu namba haigongani na ya mtu mwingine na haibadiliki mtu anapoolewa au anaposahihisha jina kwenye vyeti. Hata hivyo malalamiko yamekuwa mengi na mimi nayaona kuwa ya haki. Wahadhiri hawapendi kuweka mfuatano wa tarakimu kwenye makala zao za kitaaluma. Watu wa nje hukosea tarakimu moja, barua ikaishia kwa mtu asiyehusika. Na wanaoomba ufadhili wanahisi kwamba anwani ya namna hiyo haimtambulishi mtu hata kidogo.

Seneti imekubali kwamba anayetaka apewe anwani yenye jina lake, na asiyetaka abaki na aliyo nayo. Mimi nimepewa kazi ya kuandaa utaratibu wenyewe. Ningependa kujua kama anwani mpya iwe pia ndiyo jina la kuingilia kwenye mifumo au ibaki kuwa lakabu tu, yaani anwani ya ziada ya sanduku lile lile la barua; watu wenye majina yanayofanana washughulikiwe vipi; na kama fursa hii iwahusu wanafunzi au ianzie na kuishia kwa watumishi, kama baadhi ya wakuu wa idara wanavyopendekeza. Nitashukuru hasa kusikia yale yanayojitokeza baada ya miezi kadhaa, ambayo hayaonekani wakati wa majaribio.

Msimamizi wa Seva

Ndugu Mratibu, nimesimamia mfumo wa barua wa chuo kwa muda mrefu, na kwa swali lako la kwanza sina shaka: jina la kuingilia lisiguswe. Jina hilo limefungamana na mambo mengi kuliko barua pepe. Nenosiri lililohifadhiwa kwenye simu, leseni za programu, folda binafsi kwenye seva ya mafaili na eduroam, ule mtandao wa Wi-Fi unaoshirikisha vyuo vingi, vyote vinamjua mtu kwa jina hilo. Ukilibadilisha, mhadhiri aliyesafiri kwenda chuo kingine atashindwa kuunganisha simu yake na mtandao wa huko, kwa kuwa eduroam hupeleka jina lake pamoja na kikoa hadi kwenye seva ya chuo chake ili lihakikiwe, na seva hiyo haitalitambua jina lililokwisha kufutwa. Kuna pia mipaka ya kiufundi. Katika Active Directory, saraka ya akaunti ya Microsoft, jina la kuingilia la mtindo wa zamani, ambalo mifumo mingi bado inalitegemea, haliruhusiwi kuzidi herufi 20, na majina kamili ya watu wengi huvuka kiasi hicho. Sehemu ya anwani iliyo kabla ya alama ya @ ina nafasi kubwa zaidi. RFC 5321, moja ya hati za viwango vya intaneti, inaruhusu hadi 64.

Kwa hiyo anwani ya jina na iwe njia nyingine ya kufika kwenye sanduku lile lile la barua. Kupokea kwa lakabu ni jambo jepesi, na huwa halina matatizo. Matatizo huanza kwenye kutuma. Chukua mhadhiri aliyechapisha anwani yake mpya kwenye makala: msomaji anamwandikia, barua inamfikia, naye anajibu kwa simu akiwa njiani. Jibu linatoka na anwani ya tarakimu, kwa sababu programu ya simu hutumia anwani ya msingi ya akaunti isipoelekezwa vinginevyo. Msomaji anapata jibu kutoka kwa anwani asiyoijua, na huenda kichujio chake kikalitupa kwenye barua taka. Kwenye huduma ya Google kwa ajili ya vyuo, lakabu inabidi iongezwe kwenye mipangilio ya kutuma barua. Kwenye Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft, msimamizi ndiye anayepaswa kuruhusu kwanza watu watume kwa lakabu. Ushauri wangu ni kwamba anayechagua anwani ya jina, hiyo ndiyo iwe anwani yake ya msingi ya barua, na ile ya namba igeuke lakabu ya kupokelea, isifutwe kamwe. Jina la kuingilia libaki lile la namba.

Sasa lipo jambo ambalo halitaonekani kwenye majaribio, nalo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Baadhi ya mifumo inayopokea taarifa za mtu kutoka kwenye saraka ya chuo humtambua kwa anwani yake ya barua pepe, wala si kwa namba yake ya kudumu. Anwani ya msingi ikibadilika, mfumo kama huo humwona mtu huyo kuwa mgeni na kumfungulia akaunti mpya isiyo na kitu. Mwanafunzi anaingia kwenye mfumo wa masomo asubuhi, anakuta kozi zake zote hazipo, kazi alizowasilisha hazipo, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ni jioni ile ile. Hakuna kilichopotea kwa kweli, vyote vimo kwenye akaunti ya zamani, lakini yeye hana namna ya kulijua hilo. Kabla hamjampa mtu wa kwanza anwani mpya, pitieni kila mfumo unaoingiwa kwa akaunti ya chuo, mmoja baada ya mwingine, mkaulize unatumia nini kumtambua mtu. Utakaokuta unatumia anwani ya barua, urekebisheni kwanza, hata kama kazi hiyo itawachelewesha muhula mzima.

Orodha za barua pepe nazo huleta usumbufu, ingawa ni mdogo. Orodha nyingi hupokea ujumbe kutoka kwa wanachama tu, na uanachama huhesabiwa kwa anwani. Aliyejiunga kwa namba akituma kwa jina, ujumbe wake utazuiliwa. Andaeni maelezo mafupi ya kumwelekeza mtu jinsi ya kubadilisha anwani yake kwenye orodha, kisha dawati la msaada lijue kwamba swali hilo litakuja.

Mwisho, bakini kwenye kikoa kile kile. Mkifanya hivyo, rekodi zenu za SPF, DKIM na DMARC, zinazowasaidia wapokeaji kuhakiki kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chenu, hazihitaji kuguswa; mkianzisha kikoa kidogo kwa ajili ya majina, mtakuwa mmejiongezea rekodi za kusimamia bila sababu yoyote ya maana. Na yale majina ya kazi yaliyotajwa katika RFC 2142 ya mwaka 1997, kama postmaster, abuse, webmaster na security, yafungiwe tangu mwanzo asipewe mtu.

Afisa Usajili

Nakubaliana na mwenzangu hapo juu. Mimi nitazungumzia majina, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku, na kwa maoni yangu hatari kubwa ya mpango huu iko huko kuliko kwenye seva.

Anwani ya namba ina sifa moja ambayo tunaisahau: hakuna anayeweza kuikisia. Anayetaka kumwandikia mtu lazima aitafute na kuinakili. Anwani ya jina, kinyume chake, inamwalika kila mmoja akisie. Mtu akishajua kwamba mwenzake mmoja anatumia jina, nukta, kisha jina la ukoo, ataandika hivyo hivyo kwa wengine wote bila kuhakikisha. Katika chuo kimoja nilichowahi kufanya kazi, mhadhiri na mwanafunzi wa idara moja walikuwa na jina la kwanza na la ukoo yanayolingana kabisa. Mwanafunzi ndiye aliyewahi kuomba anwani, akapewa ile iliyo safi. Mhadhiri akapewa yenye tarakimu 2 mwishoni. Mtahini wa nje akatuma rasimu ya mtihani kwa mhadhiri, akaiacha ile 2. Mwanafunzi alikuwa mwaminifu na alitoa taarifa siku ile ile, lakini mtihani ulilazimika kutungwa upya, na kijana wa watu akabaki akieleza mbele ya kamati jambo ambalo hakulifanya.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na ninaushikilia hata ninapoambiwa kwamba ni mkali: majina yakigongana, asiwepo hata mmoja anayepata anwani ile fupi. Kila mmoja aongeze jina la kati au herufi yake ya kwanza, na anwani fupi ifungwe kabisa, ili anayeiandikia kwa kukisia arudishiwe barua yake. Barua iliyorudi humfanya mtumaji atafute anwani sahihi, lakini iliyomfikia mtu mwingine haimwonyi mtumaji chochote. Mgongano nao upimwe dhidi ya daftari lote la chuo, wanafunzi na watumishi, si dhidi ya wale tu waliokwisha kuomba, kwa sababu ambaye hajaomba leo anaweza kuomba mwakani, na pia kwa sababu barua iliyokusudiwa kwake itakisiwa vile vile hata asipoomba. Tarakimu mwishoni mwa jina zisitumike kabisa. Watu huziacha wanapoandika, na hata wanapozikumbuka huzichanganya.

Msitengeneze anwani kwa programu na kuzigawa bila kumuuliza mwenyewe. Si kila mtu ana jina la kwanza na la ukoo. Wapo wenye jina moja tu, jambo la kawaida Indonesia, ambako marais wawili wa kwanza walijulikana kwa jina mojamoja. Nchini Iceland watu wengi hubeba jina la mzazi badala ya la ukoo, na nchini Myanmar majina ya ukoo hayapo kwa kawaida. Mfumo unaodai sehemu mbili utamlazimisha mtu wa namna hiyo kurudia jina lake mara mbili au kubandikwa neno lisilo lake. Mwache mwombaji apendekeze mpangilio kutoka kwenye majina yaliyo kwenye daftari, au jina analojulikana nalo ikiwa chuo kimekwisha kulitambua mahali pengine, kisha mtu wa usajili aidhinishe. Macho ya mtu yanahitajika pia kwa sababu nyingine: kuunganisha herufi ya kwanza na jina la ukoo mara nyingine huzaa neno la aibu ambalo programu haitalitambua.

Kuhusu herufi zenye alama za lafudhi na hati zisizo za Kilatini, viwango vya mwaka 2012 vinaruhusu anwani za namna hiyo, lakini bado zipo seva na fomu nyingi zinazozikataa. Tumieni herufi za kawaida, na tahajia achague mwenye jina. Alama ya ritifaa kwenye majina kama O'Brien inaruhusiwa kisheria kwenye anwani, ila fomu nyingi za mtandaoni huikataa, hivyo ni afadhali iondolewe. Kistari hakina tatizo.

Jina likibadilika, mtu aruhusiwe kubadilisha anwani, na ile ya awali iendelee kupokea barua. Ila uwepo mlango kwa wale ambao jina la zamani linawaweka hatarini, kwa mfano aliyemkimbia mume mkatili. Mtu kama huyo akiomba, jina la zamani liondolewe kwenye saraka na lisionekane popote, bila kumtaka aeleze habari zake mbele ya watu watano.

Mwanafunzi wa Uzamivu

Naomba nichangie kwa upande wa wanafunzi, hasa kwa sababu nimesoma kwamba wapo wanaotaka tuachwe nje.

Sidhani kwamba ni haki kutuacha. Mwanafunzi ndiye anayeandika barua za kuomba kazi na nafasi za mafunzo, na ndiye anayehitaji msomaji asiyemjua amwone kuwa mtu mwenye jina. Isitoshe, anwani yenye namba ya usajili inaitangaza namba hiyo kwa kila anayeandikiwa. Zipo ofisi zinazokubali kumhudumia mtu kwa simu akitaja tu jina na namba ya usajili, kana kwamba namba hiyo ni siri, wakati imo kwenye kila barua aliyowahi kutuma. Na pale ambapo karatasi za mtihani husahihishwa kwa namba ili msahihishaji asijue ni ya nani, mhadhiri aliyepokea barua za mwanafunzi muhula mzima kutoka kwenye anwani yenye namba ile ile anaweza kumtambua bila hata kutaka. Kwa hiyo anwani ya jina si pambo tu kwetu. Wakati mwingine inatenganisha mambo ambayo hayakupaswa kuunganishwa.

Pamoja na hayo, wapo wenzangu ambao hawataitaka, nao wana sababu nzito. Jina hutoboa mengi kabla mtu hajasomwa neno lake la kwanza: jinsia, dini, mara nyingine hata kabila au nchi. Wapo wanaosumbuliwa na mtu wa zamani ambaye angeweza kukisia anwani yao kwa urahisi ule ule alioueleza Afisa Usajili. Kwao namba ni kinga. Ndiyo maana naomba hiari iwe hiari kweli: mtu asiulizwe sababu ya kubaki na namba, pasiwe na fomu wala mfumo unaotaka anwani ya jina peke yake, na saraka isioneshe kwamba fulani alipewa nafasi akakataa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, Tume ya Ulaya yenyewe hutaja anwani ya jina na ukoo kuwa mfano wa taarifa binafsi zinazolindwa na GDPR, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018. Hata mahali ambapo sheria haisemi hivyo, chuo kingeweza kuichukulia hivyo kwa uamuzi wake.

Jambo moja dogo ambalo lingesaidia mara moja, hata kabla ya anwani mpya: jina linaloonekana. Kila barua hubeba jina la mtumaji mbele ya anwani yake, na simu nyingi humwonyesha msomaji jina hilo tu. Chuoni kwetu sehemu hiyo ilijazwa kwa herufi kubwa zote, jina la ukoo likitangulia, na wengine majina yao yamekatwa katikati. Mkiwaruhusu watu wasahihishe sehemu hiyo, baadhi ya malalamiko yatakwisha bila kugusa anwani hata moja.

Mratibu wa TEHAMA

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Hoja ya namba ya usajili na usahihishaji wa mitihani sikuwa nimeiona kwa namna hiyo, na nitaipeleka kwa wakuu wa idara, kwa kuwa inabadilisha swali la nani ahusishwe. Kuhusu kufunga anwani fupi majina yanapogongana, natarajia upinzani kutoka kwa watumishi wa siku nyingi watakaodai kwamba wao walitangulia, lakini mfano wa mtahini wa nje unatosha kunifanya nisimame upande huo.

Limebaki moja. Mtu akihitimu au akistaafu, anwani yake ya jina ifanyweje? Mwenzangu mmoja anasema irudi kwenye hazina ili mwingine mwenye jina hilo aitumie baada ya mwaka.

Mkutubi

Ndugu Mratibu, tafadhali msikubali hilo. Makala ya kitaaluma huchapishwa na anwani ya mwandishi, na makala hiyo husomwa miaka kumi na ishirini baadaye. Msomaji anayeomba data au anayeuliza kuhusu hesabu fulani ataiandikia anwani ile ile iliyochapishwa. Ikiwa imepewa mtu mwingine, swali litamfikia mgeni asiyejua lolote, na mwandishi ataonekana amekaa kimya. Utambulisho wa ORCID, yaani namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ulioanza kutolewa mwaka 2012, hupunguza tatizo kwa kuwa haufungamani na mwajiri wala barua pepe, na ningependa kila anayepewa anwani ya jina ashauriwe kujisajili huko siku hiyo hiyo. Hata hivyo ORCID haiwezi kufuta anwani iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa wastaafu walioandika sana, mimi ningependa barua zao zielekezwe kwenye anwani zao binafsi kwa miaka kadhaa.

Msimamizi wa Seva

Naungana na Mkutubi kwamba anwani isitolewe tena kwa mtu mwingine, na ningeongeza sababu ya usalama. Mwaka 2013 kampuni ya Yahoo iliamua kuwapa watu wapya majina ya akaunti zilizokuwa hazijatumika kwa mwaka mmoja au zaidi, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wamiliki wa awali, zikiwamo zenye taarifa zao binafsi. Anayeipokea anwani ya mtu anaweza pia kuomba nenosiri jipya kwenye huduma yoyote ambayo mwenye anwani wa zamani alijisajili kwayo.

Ila kuhusu kuelekeza barua nje ya chuo, sikubaliani naye. Barua inayopokelewa na seva yetu kisha kusukumwa kwenye huduma nyingine huonekana huko kana kwamba imetumwa na seva isiyoruhusiwa na kikoa cha mtumaji, kwa hiyo hushindwa kipimo cha SPF. Ikiwa ina saini ya DKIM na haikubadilishwa njiani, inaweza kupona. Isipokuwa nayo, huenda ikatupwa. Tena tutakuwa tunasukuma na barua taka zote zinazoifikia anwani hiyo, na sifa ya seva yetu itaharibika mbele ya huduma hizo. Afadhali jibu la kujiendesha linaloeleza kwamba mwenye anwani ameondoka na, akiridhia, mahali anapopatikana sasa.

Kwa vyovyote mtakavyoamua, orodha ya anwani zilizowahi kutolewa iwekwe kwenye jedwali lake, mbali na jedwali la akaunti. Mifumo mingi hupima mgongano kwa kuangalia akaunti zilizopo, na akaunti ya aliyeondoka ikishafutwa, anwani yake huonekana iko wazi. Jedwali hilo liwe na anwani, namba ya kudumu ya aliyepewa na tarehe aliyopewa, na asiwepo mtu mwenye ruhusa ya kufuta mstari wowote, hata mimi niliye msimamizi.